Umeme unavuka mpaka, onyo nalo livuke

Novemba 2023, wadukuzi waliingia kwenye kituo cha pampu ya maji cha mji mdogo wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Walipitia kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayoiamrisha pampu iwake lini na izime lini. Vidhibiti vya aina hiyo, vinavyotengenezwa na kampuni ya Unitronics ya Israel, vilikuwa vikitoka kiwandani na neno la siri 1111, na wateja wengi waliviunganisha na intaneti bila kulibadilisha. Wafanyakazi wa Aliquippa waliahi kuendesha pampu kwa mkono, maji hayakukatika. Kule Ireland, katika kaunti ya Mayo, nyumba zipatazo 180 zilikaa siku mbili bila maji kwa mkasa wa aina hiyo hiyo.

Serikali ya Marekani iliwahusisha wadukuzi hao na jeshi la walinzi wa mapinduzi la Iran. Wanakijiji wa Mayo hawakuwa na ugomvi wowote na Iran. Kosa lao lilikuwa kununua kifaa chenye nembo fulani. Msomaji wetu anayeuza samaki wa baridi Busia au anayesaga nafaka Namanga atuelewe hapo: si lazima uwe na adui ndipo mtambo unaokulisha uzimwe.

Mwezi uliofuata Unitronics ilitoa toleo jipya la programu linalomlazimisha mteja kubadilisha neno la siri. Hiyo ni dawa rahisi. Zipo kasoro zisizotibika kwa urahisi huo. Februari 2021 ilitangazwa kasoro katika Studio 5000 Logix Designer, programu ya kampuni ya Rockwell Automation ambayo wahandisi huitumia kuandika maagizo ya vidhibiti vya mitambo. Programu hiyo ilikuwa na ufunguo wa siri wa kukihakikishia kidhibiti kwamba anayezungumza nacho ni mhandisi halali. Watafiti waligundua kwamba ufunguo huo unaweza kuchomolewa, na aliyeupata akajifanya mhandisi, akabadilisha maagizo ya mtambo apendavyo. Kwa kipimo cha hatari kinachoishia 10, kasoro hiyo ilipewa 10. Ushauri wa kwanza wa mtengenezaji haukuwa kiraka cha programu. Wateja waliambiwa waende kwenye kidhibiti chenyewe, wageuze swichi yake kwa mkono hadi mahali ambapo hakipokei maagizo mapya kutoka mbali, na wakitenge na mtandao wa ofisi.

Tunayaandika haya kwa sababu mitambo yetu haiko tena kila mmoja kwake. Maporomoko ya Rusumo yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Laini ya kilovoti 400 inaunganisha Isinya na Singida. Kenya inapokea umeme wa Ethiopia kwa laini inayofika Suswa. Tumeushangilia muungano huo katika kurasa hizi na tutaendelea kuushangilia. Lakini gridi zikiungana, hitilafu iliyoanzia upande mmoja inaweza kuufikia upande wa pili kabla mtu hajanyanyua simu.

Homa ya Bonde la Ufa ikizuka kwenye mifugo, nchi jirani inatarajia kuarifiwa, na mwenye ng'ombe njiani anajua kwa nini amezuiwa. Shirika la umeme likigundua kwamba kidhibiti chake kina kasoro ya daraja la 10, linapaswa kumwarifu jirani vivyo hivyo, hasa pale wote wawili wanapotumia kifaa cha aina moja. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao, uliopitishwa Malabo mwaka 2014, ulianza kutumika Juni 2023, miaka tisa baadaye. Mwendo huo ni wa kobe. Jumuiya ya Afrika Mashariki isingoje bara zima: mashirika ya umeme, maji na mafuta yaliyounganishwa yatakiwe kupeana taarifa ya kasoro kubwa ndani ya saa 24, kwa siri ikibidi, ili wadukuzi wasiwahi kabla ya swichi kugeuzwa.

Na mafundi wanaojua kuendesha mitambo kwa mkono wasipunguzwe kwa kisingizio cha kompyuta. Desemba 23, 2015, wadukuzi walipowazimia umeme wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine, umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu watu waliendesha magari hadi vituoni na kurudisha swichi wenyewe.

Linabaki suala la nani analipa, nalo ndilo linalomgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Julai 2021 mifumo ya kompyuta ya Transnet, shirika linaloendesha bandari za Afrika Kusini, ilishambuliwa. Kazi ya makontena ilikwama Durban na bandari nyingine. Shirika likatangaza kwamba limeshindwa kutimiza mikataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Kwa lugha ya sokoni maana yake ni moja: mwenye mzigo asije kudai fidia. Kipengele hicho kimejaa katika mikataba ya huduma, na kwa tetemeko au mafuriko ni haki kiwepo. Neno la siri 1111 si tetemeko. Mamlaka za udhibiti za nchi wanachama ziandike wazi kwamba mtoa huduma aliyepewa onyo la kasoro na akakaa bila kuchukua hatua hatakinga mgongo wake kwa kipengele hicho, na kwamba tozo ya uhifadhi wa mzigo itasimama siku zote ambazo mfumo wake umezimika.