Sikukuu za Desemba Zisiwe Msimu wa Kisu

Desemba ni mwezi wa sikukuu. Tarehe 9 Taifa huadhimisha Uhuru uliopatikana mwaka 1961. Tarehe 25 Wakristo husherehekea Krismasi, na kesho yake ofisi hubaki zimefungwa. Shule nazo huwa zimefunga, na watoto hurudi kwa wazazi wao.

Lakini katika wilaya za Tarime na Serengeti wapo watoto wa kike wanaoiogopa likizo hiyo. Kwa wazee wa mila wa Kikurya, Desemba, hasa ya miaka inayogawanyika kwa mbili, ndiyo msimu wa ukeketaji. Waliokeketwa hupitishwa barabarani kwa ngoma, wakivishwa khanga na kutuzwa fedha mchana kweupe. Wenzao wanaokataa hukimbilia nyumba za hifadhi za Masanga na Mugumu. Je, huo ndio Uhuru unaopigiwa gwaride?

Haiwezi kusemwa kwamba sheria haipo. Tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa Taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima ni asilimia 10.

Wapo watakaodai kwamba hiyo ni mila, na mila haiguswi. Huo ni upotoshaji. Ngariba hulipwa kwa kila msichana, naye mzazi hungojea ng'ombe wa mahari. Hiyo ni biashara iliyovikwa vazi la mila. Wapo pia viongozi wanaonyamaza kwa kuogopa kukosa kura. Kiongozi anayehutubia juu ya Uhuru asubuhi, na jioni akaupisha msafara wa ngariba, hana tofauti na mwenye kisu.

Mkoa wa Mara ndio uliomzaa Mwalimu Nyerere, kule Butiama. Ni aibu binti wa mkoa huo kuikimbia nyumba ya babaye siku ya Uhuru.

Hivyo basi, Desemba isiwe likizo kwa dawati la jinsia la polisi, maofisa ustawi wa jamii na watendaji wa vijiji. Mikutano ya Uhuru na ilitamke jambo hili waziwazi. Mahubiri ya Krismasi, sikukuu ya kuzaliwa kwa mtoto, nayo yasilikwepe. Sikukuu ambayo mtoto anaipitisha mafichoni si sikukuu ya Taifa.