Kiganja kimoja kisiamue gunia zima la karafuu

Utajiri wa karafuu umechangia kuujenga Mji Mkongwe, na hadi leo malipo ya mkulima wa Unguja na Pemba hutegemea daraja la karafuu zake. Daraja hilo haliwezi kupatikana kwa kuchambua kila chembe. Lazima ichotwe sampuli. Suala ni kiasi gani sampuli hiyo inaaminika.

Chukua mfano. Mkaguzi anachota chembe 400 na kukuta 20 mbovu, yaani asilimia 5. Hiyo ni asilimia ya sampuli, si ya gunia. Akichota tena, huenda akapata 4 au 6. Mwaka 1733 Abraham de Moivre, Mfaransa aliyehamia London, alionyesha kwamba majibu ya namna hii yakirudiwa mara nyingi hujipanga kwa umbo la kengele: mengi karibu na ukweli, machache mbali nao. Huo ndio mgawanyo wa kawaida.

Zidisha 0.05 kwa 0.95, gawanya kwa 400, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.96. Jibu ni takriban 0.02. Hivyo, kwa uhakika wa asilimia 95, ubovu wa gunia unakadiriwa kuwa kati ya asilimia 3 na 7. Iwapo mpaka wa daraja ungekuwa asilimia 4, mkulima huyo angeshushwa kwa ushahidi usiotosha. Kulipunguza kosa hilo kwa nusu kunahitaji chembe 1,600.

Sampuli ikiwa ndogo, njia hii hupotosha. Chembe 40 zenye 2 mbovu hutoa makisio yanayoanzia chini ya sifuri, jambo lisilowezekana. Kanuni inayotumika sana ni kupata angalau chembe 10 mbovu na 10 nzima.

Aidha, hakuna hesabu inayoweza kurekebisha sampuli iliyochotwa juu ya gunia tu, ilhali zilizovunda zimelala chini.

Wakati umefika kwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC), ambalo ndilo mnunuzi wa karafuu, kuhakikisha kila stakabadhi ya daraja inaonyesha idadi ya chembe zilizokaguliwa na kiwango cha kosa. Kinachohitajika ni kikokotoo tu, na mkulima atajua amepimwa kwa haki.