Doti Moja kwa Taifa

Kitu chetu hakiwi urithi mpaka Mzungu akiibe. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 kilikuja kuonekana katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller kule Geneva. Tukadai, tukaandika barua, tukadai tena, hadi kikarudishwa mwaka 2010. Safi kabisa. Sasa toka hapo Makumbusho, Mtaa wa Shaaban Robert, tembea kwa mguu mpaka Mchafukoge, uingie kile kipande cha Mtaa wa Uhuru kati ya Mnara wa Saa na Mnazi Mmoja. Utaona sanaa ya nchi hii ikishushwa kwa marobota, ikiuzwa kwa jumla, ikitawanyika mikoani na kupotea. Anayeiandika daftarini ni mtu wa kodi peke yake.

Nazungumzia kanga. Cheka kwanza, umalize, halafu tuendelee.

Kanga ina zaidi ya karne moja mwambao huu. Maandishi yake ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi tunazosoma sote. Imebeba harusi, misiba, ugomvi wa wake wenza, uchaguzi, ujio wa marais na vifo vyao. Obama aliposhinda mwaka 2008, kanga yake ilivaliwa huku kabla hajaapishwa. Gazeti gani limewahi kuingia nyumba nyingi kiasi hicho? Na gazeti likishasomwa, lipo Maktaba ya Taifa, kwa sababu Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inamdai mchapishaji nakala. Mwenye kuchapa kanga hadaiwi na mtu. Anachapa maneno kwa maelfu, na maneno hayo yanaishia kwenye dekio.

Maana ndivyo kanga inavyokufa. Mwaka wa kwanza ni ya kutokea. Ikipauka inakuwa ya kulalia, kisha mbeleko, kisha nepi, kisha ya kushikia sufuria la moto, mwisho inafutia sakafu. Nyingine inakwenda msibani kuoshea maiti. Hayo ndiyo maisha yake halali na simwambii mama yeyote aache kuitumia yake. Lakini kitu kinachotumika mpaka uzi wa mwisho hakijihifadhi chenyewe. Asipokuwepo mtu wa kuweka moja pembeni ingali mpya, haibaki hata moja.

Chukua kanga iliyochapwa Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Ikunjue. Pamba nzito, si hii ya leo ambayo wanga ukitoka kwenye maji ya kwanza unabaki na chandarua. Rangi imevuka mstari kidogo, kwa hiyo kila ua la mjini, yaani katikati ya kanga, lina kivuli chake. Jina, yaani maneno ya kanga, limekaa ndani ya kisanduku juu ya pindo la chini, kwa herufi kubwa. Halafu ukingoni kabisa, ambako fundi atakunja upindo na kupaficha, kuna vijiherufi: alama ya mwenye dizaini. K. G. Peera ni mojawapo ya alama ambazo wenye kanga za zamani wanazijua. Historia nzima ya biashara, uchoraji na viwanda vya nchi hii imeandikwa kwenye sentimita moja ya upindo, nasi tunaishona ndani.

Wenzetu wanaziokota. Kule Helmond, Uholanzi, kampuni ambayo leo inaitwa Vlisco ilichapia mwambao wetu kanga tangu mwishoni mwa karne ya 19, na sampuli za nyakati hizo imezihifadhi. Kwa hiyo binti wa Kariakoo akitaka kujua bibi wa bibi yake alivaa nini, akaombe viza. British Museum ya London ilinunua kanga Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne hii, kwa hela, kama mteja yeyote. Marekani, mjini Santa Fe, lipo jumba la sanaa za jadi za dunia lililofunguliwa mwaka 1953. Mtu mmoja tu, Alexander Girard, alilipatia vitu zaidi ya 100,000, vinyago, vitambaa na midoli ya watoto wa maskini. Siwezi kuwatukana hawa. Walilipa, wakakunja, wakaandika tarehe.

Sisi tunachagua cha kuheshimu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautaja kwa jina mlango wa mbao ulionakshiwa kabla ya mwaka 1940. Mlango! Kitambaa ambacho mama wa nchi hii alizaliwa, akaolewa na kuzikwa nacho hakikutajwa. Nasema wazi: ni kwa sababu ni kitu cha wanawake. Barabara inayopita ubavuni mwa Mchafukoge tumeipa jina la Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake TANU kwa maelfu, na hao wanawake hawakwenda mkutanoni wamevaa suti.

Wanasiasa ndio wasiniambie chochote. Kila baada ya miaka mitano wanagawa kanga, kofia na fulana nchi nzima. Chama gani kinaweza kutoa leo seti kamili ya kanga zake zote za kampeni?

Najua jibu la wizara: hakuna bajeti. Bajeti ya nini? Doti ikikunjwa inaingia kwenye faili la ofisini. Inahitaji kabati kavu, dawa ya nondo, na karani mwenye mwandiko unaosomeka aandike mwaka, kiwanda, mwenye dizaini na jina la kanga. Waziri aandike kanuni ya ukurasa mmoja: kila dizaini mpya, doti moja Makumbusho ya Taifa. Na kwa kuwa nyingi siku hizi zinachapwa India, tusihangaike kubisha hodi duka kwa duka. Ichukuliwe bandarini, kontena likifunguliwa, kabla robota halijapanda gari la Mtaa wa Uhuru.