Mcheza Kwao Hutunzwa

Elizabeth Michael, maarufu kwa jina la Lulu, alizaliwa mwaka 1995. Tangu utotoni aliigiza katika kundi la Kaole jijini Dar es Salaam, na runinga ikamfikisha kwa wananchi. Mwaka 2016, mjini Lagos, filamu yake ilitunukiwa tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki.

Kipaji hicho kilipata walezi mapema. Binti wa Mpanda, mji ambako reli itokayo Kaliua hukomea, yu mbali na kamera hizo. Jukwaa lake ni shule. Kwa hiyo mwalimu anayedharau maigizo, na ofisa utamaduni asiyetoka ofisini, humfungia mlango wake wa kwanza.

Mcheza kwao hutunzwa. Katavi nayo itunze wake.