Utumbo Haungoji Amri

Aliyeandika katika toleo lililopita kwamba utumbo ni mfereji tu, usiojongea wala kutoa maji yake ila kwa amri ya ubongo, ameieleza dhana yake kwa ufasaha, lakini burhani hakuileta. Nami siwezi kuinyamazia, kwa kuwa wanafunzi wa uuguzi wataisoma na kuisadiki.

Mnamo Januari 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa yote ya fahamu iliyokwenda kwenye kipande cha utumbo mwembamba wa mbwa aliyelazwa kwa dawa, kisha wakatia humo asidi hafifu, na punde kongosho, ambayo haikusaliwa na njia ya kupata habari ila damu, ikaanza kudondosha maji yake. Starling akaukwangua utando wa ndani, akausaga kwa mchanga na asidi, akauchuja, na maji yale yalipotiwa katika damu ya mbwa, matone yakarudi. Kitu hicho wakakiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akakitia katika jamii aliyoiita homoni.

Ama mwendo wa chakula, baina ya matabaka mawili ya misuli umelala mtandao wa fahamu alioueleza Auerbach; na utumbo uliotolewa mwilini, ukahifadhiwa katika maji ya chumvi yenye joto na oksijeni, bado hujikaza nyuma ya tonge na kulegea mbele yake. Ubongo una kauli yake, sikatai, hasa katika kumeza na katika haja kubwa. Lakini mwenzangu na anijibu: utumbo ule ulio bakulini hupokea amri kwa nani?