Kushika Nafasi ya Mwenzako



Wapendwa Taifa la Mungu, kuanzia Katesh hadi Dongobesh twaisikia kauli ileile: mwenzako hayupo, shika nafasi yake. Hata mfagiaji wa zahanati aweza kuambiwa agawe dawa! Tunakataa kuuita huo moyo wa kujitoa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, Mitume hawakuliacha Neno ili wahudumie mezani. Walichaguliwa watu saba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo yadai kazi ya mtu iandikwe, na ikibadilika ashauriwe. Kumsaidia mwenzako kwa siku moja ni upendo. Kumtwika mtu kazi asiyofundishwa ni dhuluma, na anayeumia ni mgonjwa. Enyi waajiri Wakristo, watafuteni wale saba!