Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Mama wengi hufurahi wamwonapo mtoto ana miguu iliyojaa, wakadhani amenona. Pengine sivyo. Mama na aibonyeze miguu yote miwili kwa kidole; shimo likibaki, hayo si mafuta bali ni maji, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nywele zake nazo huwa nyepesi na nyekundu, wala hataki kucheza.

Maradhi hayo ni unyafuzi, au kwashiakoo. Daktari Cicely Williams aliyaeleza mwaka 1933 huko Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Wenyeji waliyaita ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa ziwa kwa kuzaliwa mdogo wake. Mtoto huyo hupewa uji mtupu wa mahindi au muhogo, akashiba bila kujengeka mwili. Na ajabu ni kwamba kuku wapo uani, ila mayai yote huenda sokoni! Baba ashikaye fedha za mayai hayo, habari hii yamhusu.

Tangu miezi 6 mtoto huongezewa maziwa, mayai, maharagwe yaliyopondwa au omena waliosagwa, naye aendelee kunyonya hata atimize miaka 2. Lakini aliyekwisha kuvimba asishindiliwe chakula nyumbani, maana mwili wake hauwezi kukipokea kwa ghafula. Hospitalini huanzishwa kwa maziwa maalumu, kidogo kidogo, usiku na mchana.